Hotuba ya Mwenyekiti: Haba na Haba Hujaza Kibaba, na Haba na Haba Hukimaliza



 Wapo tulioanza nao ambao leo hawapo duniani. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Ndugu zetu, kikundi hiki tulikianza mwaka 2015, wanawake kumi na wanane, chini ya mwembe, tukiwa na daftari moja na kisanduku cha bati chenye kufuli tatu. Leo tumetimiza miaka kumi na kisanduku ni kile kile, rangi tu imebanduka. Kamati ilituagiza tuzungumze juu ya mafanikio. Mafanikio yapo, na katibu ameyaandika vizuri katika kurasa nyingine za kijitabu hiki: hisa, mikopo, nani kajenga na nani kasomesha. Sisi tumeomba ruhusa tuzungumze jambo moja tu ambalo lilikaribia kutuvunja, halafu likatufundisha hesabu kuliko darasa lolote. Jambo hilo ni moto wa nyumbani, yaani mkaa, kuni, gesi na umeme wa LUKU.

Najua wengine mnasema, mkaa nao ni wa kuhutubia? Tuvumilieni kidogo.

Hapa Tabora sisi ni watoto wa njia. Karne ya kumi na tisa misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikapita Ugogo, ikaja Tura na Rubuga mpaka hapa Unyanyembe, halafu wengine wakaendelea mpaka Ujiji. Na wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, babu zetu, na wake zao wengine walifuatana nao wakibeba vyungu vya kupikia. Sasa msafara ule ulikwenda kwa posho. Mtu mmoja alihesabiwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Vibaba vinne ni pishi moja. Mara nyingi posho ilitolewa ya siku kadhaa kwa mpigo, kwa nguo au shanga za kununulia chakula, na kila mtu akajua zimebaki siku ngapi mpaka kijiji kingine.

Kati ya Ugogo na huku kwetu palikuwa na pori refu, vijiji haba, maji haba. Waliliita Mgunda Mkali. Aliyekula posho ya siku tano kwa siku tatu, Mgunda Mkali ulimkuta mikono mitupu. Hakuna aliyeshangaa, maana kibaba kilikuwa kinaonekana kwa macho.

Na sisi akina mama tunao Mgunda Mkali wetu. Ni ile wiki ya mwisho wa mwezi. Tofauti ni kwamba babu zetu walikijua kibaba chao, na sisi kwa miaka mingi hatukukijua. Hilo ndilo tumekuja kulisema leo.

Ndugu mgeni rasmi, tuanze na kosa letu.

Mwaka 2017 tulikuwa na mwenzetu mmoja, jina lake hatutalitaja, mchapakazi sana. Alikuwa anakaanga maandazi kila alfajiri na kuyapeleka kituoni kabla jua halijatoka. Mwezi mmoja akaanza kukosa kuleta hisa. Wiki ya kwanza tukasema sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu tukamtoza faini kama katiba yetu inavyosema. Ya nne tukamweka katikati, tukamuuliza: "Mama, maandazi unauza kila siku, tunakuona. Hela unapeleka wapi?" Akasema, "Wallahi, hata mimi sijui." Sisi tukacheka. Wengine wakasema pembeni kwamba ana vikundi viwili. Wengine wakasema maneno ambayo si ya kuandika katika kijitabu. Akanyamaza, akalipa faini, akachukua hisa zake, akaondoka. Hatukumwona tena mkutanoni.

Alisema kweli. Alikuwa hajui. Na sisi tuliokuwa tunamhukumu tulikuwa hatujui vile vile.

Ilichukua miaka minne kujua. Ilikuwa Agosti 2021. Mtakumbuka mwezi ule ndipo kodi ya jengo ilianza kukusanywa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Alhamisi ile mkutano haukufanyika, ulikuwa ugomvi mtupu. Mama mmoja alikuwa amenunua umeme wa 2,000 akitegemea uniti tano na kitu, akapata 2.8. "Mashine imeniibia!" Mwingine naye hivyo hivyo. Mwingine akasema kijana wa dukani ndiye kala. Mpangaji akasema mwenye nyumba kamchezea mita. Jamani, siku ile kila mtu alimtuhumu mtu.

Tukamwita binti wa mwanachama aliyekuwa anasoma sekondari, tukamwambia atusomee risiti mstari kwa mstari. Aibu iliyoje! Risiti zile tulikuwa tunazo kila wiki, tunazifutia meza. Wengi wetu tumeishia darasa la saba, lakini kusoma tunajua, na kujumlisha tunajua. Ila hatukuwa tumeisoma hata siku moja. Tulikuwa tunatazama zile tarakimu ishirini za kuingiza kwenye mita, basi.

Sasa tueleze tulichokikuta, maana wapo humu ambao bado hawajui.

Kwanza, si kila nyumba inalipa bei moja. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo ya nyumbani, wanayemwita D1, uniti 75 za mwezi hulipia shilingi 100 kila moja, na akizidi hapo, uniti zinazozidi ni shilingi 350. Mteja wa kawaida, wanayemwita T1, hulipia shilingi 292 kila uniti tangu ya kwanza. Juu ya hapo zilikuwepo VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Jumla asilimia 22. Kwa hiyo uniti moja ya T1 mkononi ilikuwa shilingi 356 na senti kidogo, na ya D1 ilikuwa shilingi 122. Ndiyo maana jirani mmoja anaweka 1,000 anapata uniti nane, mwingine anaweka 1,000 ile ile anapata 2.8. Hakuna aliyeibiwa. Wako kwenye mafungu mawili tofauti.

Pili, kodi ya jengo hukatwa unaponunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi. Ilianza 1,000, na mwaka 2023 ikawa 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Tuchukue mama wa T1 anayenunua umeme wa 5,000. Mara ya kwanza katika mwezi, kodi 1,500 inatoka, inabaki 3,500, anapata uniti 9.8. Akinunua tena 5,000 mwezi huo huo anapata uniti 14. Na asiponunua miezi mitatu, kodi haimsahau, inamngoja mlangoni ikiwa imejumlishwa.

Tatu, kwa mpangaji. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Serikali ilipoanza utaratibu huu ilieleza kwamba mpangaji aliyeilipa kupitia LUKU akubaliane na mwenye nyumba, irudishwe kwenye kodi ya pango. Kwa hiyo weka risiti. Usiende kwa mwenye nyumba kwa kelele, nenda na karatasi. Wanachama wetu wapangaji wamefanya hivyo. Wengine wamepunguziwa, wengine hawajapunguziwa bado, lakini wote sasa wanajua wanachokidai.

Bei na kodi hubadilika, ndugu zetu. Msizikariri hizi namba kama sala. Tulichojifunza ni namna ya kusoma: chukua hela uliyotoa, toa kodi ya jengo, gawanya kwa uniti ulizopata. Hapo utajua bei ya uniti yako mwenyewe. Ukiona ni kubwa na nyumba yako ina taa tatu na simu ya kuchaji tu, nenda ofisi ya TANESCO ukaulize kama unastahili kuwa D1. Kuuliza si ujinga.

Basi siku ile tulipoelewa risiti, mama mmoja mtu mzima, mweka hazina wetu wa zamani, akauliza swali lililotunyamazisha wote. Akasema: "Tumegombana leo kutwa kwa sababu ya shilingi elfu moja ya mwezi. Je, mkaa? Mkaa una risiti?"

Mkaa hauna risiti. Tukarudi nyumbani tukiwaza.

Jumamosi iliyofuata tukachanga, tukanunua gunia moja la mkaa kwa 25,000, bei ya siku ile. Tukatandika turubai uani kwa katibu, tukalimwaga. Tukachukua kopo lile lile wanalopimia vijana wa genge, ambalo tulikuwa tunanunua kwa 1,000, tukaanza kupima. Kopo la kwanza, la pili, la tatu. Watoto wakatuzunguka wanahesabu kwa sauti. Tulifika makopo 41, na chenga zikabaki. Yaani gunia la 25,000 sisi tulikuwa tunalinunua kwa 41,000, kopo kwa kopo, na kila siku tunasema hatuna hela ya gunia.

Shilingi 16,000 zilipotelea hapo. Wakati ule hisa yetu moja ilikuwa 2,000, kwa hiyo ni hisa nane. Nyumba ya watu sita inayomaliza gunia kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi 192,000. Hatusemi kijana wa genge ni mwizi. Naye anabeba, anapanga, anakaa juani, lazima ale. Tunasema sisi tulikuwa hatujui tunalipa kiasi gani.

Hapo ndipo tulipomkumbuka yule mwenzetu wa maandazi. Tukakaa na kuifanya hesabu yake kwa bei za mwaka ule. Alikuwa anauza maandazi mia moja kwa shilingi mia mia, jumla 10,000. Unga, sukari na mafuta vilikula 8,000. Mwenyewe alikuwa anasema, na sisi tulikuwa tunasema, kwamba faida ni 2,000. Lakini mkaa alinunua makopo matatu kila alfajiri, wakati huo kopo ni 500. Hiyo 1,500. Faida ya kweli ilikuwa shilingi mia tano, na hapo ni siku ambayo maandazi yote yamekwisha. Siku ya mvua alikuwa anafanya kazi ya hasara. Ndiyo maana alikuwa hajui hela inakwenda wapi. Ilikuwa inakwenda jikoni, inageuka majivu, na majivu hayaandikwi.

Tulikwenda kwake watu wanne. Alitupokea vizuri, akatuwekea chai. Tukamwambia, "Mama, tulikuonea." Tukamrudishia faini yake. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema: "Faini nilishaisahau. Kicheko ndicho sijakisahau." Akasema ametusamehe lakini kikundini harudi. Hakurudi mpaka leo. Bintiye ni mwanachama, amekaa pale nyuma, naye ametupa ruhusa tuyaseme haya.

Tunayasema siku ya sherehe makusudi. Kikundi kinaweza kutunza hela vizuri na kuwapoteza watu. Tangu siku ile tumeweka desturi: mwanachama akikosa hisa mara mbili, hatuanzi na faini. Wanakwenda wawili nyumbani kwake na daftari, wanakaa naye, wanaandika hela zinavyoingia na zinavyotoka. Faini inasubiri.

Waheshimiwa, daftari lenyewe tunaliita daftari la moto. Kila mwanachama aliandika kwa wiki nne, kila siku kabla ya kulala: mkaa kiasi gani, kuni kiasi gani, gesi, LUKU, kiberiti, mpaka betri za tochi. Hakuna kuficha na hakuna kuchekana. Mwisho wa mwezi tulijumlisha. Wengi walikuta kwamba moto unakula kuliko mboga, na wengine kuliko ada za watoto.

Na tukagundua kwa nini tulikuwa hatuuoni. Moto hauna fungu lake. Baba anaacha hela ya mboga mezani, 5,000. Ndani ya hela ya mboga kuna mkaa 1,500, kuna LUKU 1,000, na mboga inabaki na nusu. Jioni baba anakuta mchicha. Anauliza, "Elfu tano yote imenunua mchicha?" Mama anakasirika, baba anakasirika, na kila mmoja ana haki kwa kadiri anavyojua. Ugomvi wa namna hii tumeusuluhisha nyumba nyingi, na dawa yake ilikuwa kalamu. Mama anafungua daftari, anasema, "Baba watoto, hebu tusome wote." Wapo waume humu leo ambao tangu siku hiyo wanaacha hela ya mboga peke yake na hela ya moto peke yake. Tunawashukuru. Wengine bado, nao tunawasubiri!

Sasa tuseme tulivyopanga, maana kujua peke yake hakupiki ugali.

La kwanza, tulianzisha mfuko wa moto. Mwanachama anayetaka analeta kidogo kidogo kila Alhamisi, mbali na hisa. Hela hii hatuikopeshi. Kiangazi, njia zikiwa kavu na mkaa bei nafuu, tunanunua magunia kwa pamoja kabla ya mvua za Novemba, maana masika yakishika mkaa hupanda. Mwaka wa kwanza tulikosea. Tuliyaweka magunia kwenye banda linalovuja, sita yakaloa. Mkaa ulioloa ni moshi na machozi. Tuligawana hasara na tukaezeka banda.

La pili, tulipima vitu vya umeme. Kila chombo kimeandikwa wati zake nyuma au chini. Wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja. Pasi ya wati 1,000 ukipiga saa nzima, ni uniti moja imekwenda. Taa ya LED ya wati 10 inawaka saa mia moja kwa uniti moja, na ile balbu ya zamani ya wati 60 kwa saa hizo hizo mia moja inakula uniti sita. Ndoo ya maji ya lita 20 ukiichemsha kwa hita mpaka itokote ni uniti 1.7 hivi, kwa mteja wa T1 karibu shilingi 600. Basi wengi wetu tumeacha kuchemsha ndoo nzima. Tunachemsha nusu, tunachanganya. Tunapiga pasi mara moja kwa wiki, nguo zote kwa pamoja.

La tatu, tulijua kibaba chetu cha umeme. Mwenzetu wa D1 ana uniti 75 za bei ndogo kwa mwezi. Gawanya kwa siku thelathini, ni uniti mbili na nusu kwa siku. Hicho ndicho kibaba chake. Akizipanga vizuri, uniti 75 zote ni shilingi 9,150, ukiacha kodi ya jengo. Anasoma mita jioni, anaandika. Akiona siku ya kumi amekwishafika uniti 35, anajua Mgunda Mkali uko mbele, anapunguza mapema. Zamani tulikuwa tunajua siku ile giza linapoingia.

La nne, tulijaribu namna nyingine za kupika. Wanachama wengine walikopa kikundini wakanunua mtungi mdogo wa gesi. Faida yake ni haraka na hakuna moshi, lakini hasara yake ni kwamba siku unapokwisha unataka hela yote kwa mara moja. Aliyezoea kununua mkaa wa elfu anakwama, mtungi unakaa pembeni kama pambo. Kwa hiyo tukasema, ukiwasha gesi, weka hela ya mtungi unaofuata tangu siku hiyo, kwenye mfuko wa moto, kila wiki. Hapo hukwami.

Mwingine alileta sufuria la presha la umeme. Wengi tulikataa kabisa, tukasema umeme ni ghali, hilo litatufilisi. Tukaipima mita kabla, tukapika maharage tuliyoyaloweka tangu usiku, tukaipima mita baada. Ilitumika kama nusu uniti, yaani shilingi 180 hivi kwa T1. Maharage hayo hayo kwa mkaa yanamaliza kopo la elfu moja. Hatukuamini, tukarudia wiki iliyofuata, ikawa vile vile. Ila chombo chenyewe ni hela nyingi, na umeme ukikatika unarudi kwenye jiko lako. Hivyo hatumwambii mtu atupe jiko la mkaa. Tunamwambia apime kwanza, halafu aamue.

La tano ni mambo ya bure ambayo bibi zetu waliyajua: kuloweka maharage, kukata kuni na kuzianika, kufunika sufuria, kuzima mkaa ugali ukishaiva na kuuweka wa kesho. Na michembe na nsansa zile tulizoanza kuzidharau, jua lilikwishatufanyia nusu ya kazi.

Ndugu mgeni rasmi, tungependa pia tuseme kuhusu misitu. Wazee wetu walitoka nje ya boma wakaokota kuni. Leo baiskeli na pikipiki za mkaa zinatoka mbali, na kila mwaka zinatoka mbali zaidi. Tumbaku nayo inataka kuni za kukaushia. Miyombo ikiisha, na nyuki wanahama, na asali ya Tabora tunayojivunia itabaki hadithi. Serikali ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Tunaupokea. Lakini tunaomba wanaokuja kutuhamasisha waje na mizani na kalamu, wakae uani na sisi, wafanye hesabu mbele yetu. Mama hahamishwi na bango. Anahama akiona kwamba wiki ya mwisho wa mwezi imepita na watoto wamekula.

Kwa wanachama wetu, maagizo ni machache. Daftari la moto lisife. Mabinti wanaoolewa wapewe daftari pamoja na vyombo. Risiti ya LUKU isifutie meza mpaka isomwe. Na mwenzetu akikwama, tumwendee kabla hatujamsema.

Tangu utoto tumefundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, kisanduku chetu ni ushahidi. Lakini miaka hii kumi imetufundisha upande wa pili: haba na haba hukimaliza kibaba vile vile, elfu kwa elfu, kopo kwa kopo, na mwenye kibaba hana habari. Anayejua vyote viwili ndiye atakayevuka pori.

 Wapishi wametuambia wametumia gunia moja na mtungi mmoja, na wameandika.